Mshipa wa kisigino: lini na vipi nirudi kukimbia?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja. Zinahusu ile kamba nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, ambayo wengi mnaiita mshipa wa kisigino. Kwa jina lake ni kano ya Akilisi, na kazi yake ni kuunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Tumechagua barua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Nilipumzika miezi miwili, nikakimbia siku moja, maumivu yakarudi

*Habari za kazi, wataalamu. Nina miaka 34 na nakimbia na klabu ya jogingi hapa Moshi. Mwezi wa Juni niliongeza mazoezi kutoka siku tatu kwa wiki hadi sita, na siku mbili kati ya hizo nilikuwa napandisha njia ya Mweka. Kano ya mguu wa kulia ikaanza kuuma, kama vidole vitatu juu ya kisigino, ikaota na kinundu. Nikaacha kukimbia kabisa kwa miezi miwili. Maumivu yalipokwisha nikatoka na wenzangu, kilomita 8, mwendo wa polepole. Njiani sikusikia kitu. Kesho yake alfajiri nilikwenda msalani nachechemea. Je, nilirudi mapema mno? Na zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari niziache?*

Pole sana, ndugu. Miezi miwili si muda mfupi. Kilichokuangusha ni kwamba ulirudi barabarani na mguu dhaifu kuliko ule ulioondoka nao.

Maumivu ya sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, yakiandamana na kinundu na kukakamaa asubuhi, ni dalili ya kano iliyoelemewa katikati yake. Nyuzi za kolajeni, ile protini inayoijenga kano, zimepoteza mpangilio, na kano imenenepa kwa kuvuta maji. Kano haikukatika, ila ilibebeshwa mzigo haraka kuliko inavyoweza kujijenga. Kila unapokanyaga ukiwa unakimbia, inavutwa kwa nguvu ya takriban mara tano hadi saba ya uzito wa mwili wako. Kwa mwendo wa polepole, kilomita moja ni hatua kama 500 kwa kila mguu. Zile kilomita 8 zilikuwa mivuto 4,000, na kano yenyewe ilikuwa imetoka kulala miezi miwili.

Mapumziko huondoa maumivu kwa sababu huondoa mzigo. Nguvu hayaongezi. Katika wiki nane za kukaa, kigimbi kimepungua na kano imezoea kazi ndogo, halafu siku ya kwanza umeidai kazi ya zamani. Watu wengi wanazunguka hapo hapo kwa miaka: wanapumzika, wanapona, wanakimbia, wanaumia, kisha wanaambiwa wapumzike tena.

Na mbona njiani hukusikia kitu? Baada ya mzigo mzito, mwili hubomoa kolajeni ya zamani na kujenga mpya, lakini kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo kubomoa huzidi kujenga. Ukishapata joto, kano ya namna hii hunyamaza, hata kama imezidiwa. Kwa hiyo usiihukumu siku ya mazoezi kwa ulivyojisikia barabarani. Ihukumu kesho yake asubuhi.

Fanya hivi. Kila siku ukiamka, kabla ya kuvaa viatu, tembea hatua 20 kisha chuchumia mara 10 kwa mguu mgonjwa, yaani panda juu ya vidole na ushuke. (Tunasema kuchuchumia, si kuchuchumaa.) Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10 na uiandike daftarini. Namba hiyo ndiyo itakayokuongoza miezi yote ijayo. Ikiwa leo ni sawa na jana au imepungua, zoezi la jana lilikufaa. Ikipanda kwa alama mbili au zaidi na isishuke ndani ya siku moja, zoezi lilizidi, na linalofuata lazima lipunguzwe.

Hatukutaki usubiri hadi alama iwe 0. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Karin Grävare Silbernagel, uliwaruhusu wagonjwa waendelee kukimbia na kuruka huku wakifanya mazoezi ya nguvu, mradi maumivu yasizidi 5 na yawe yametulia asubuhi inayofuata. Hawakupona vibaya kuliko walioachishwa kukimbia. Kwa mtu anayejisimamia mwenyewe nyumbani sisi tunashauri mpaka wa 3, kwa sababu mkimbiaji mwenye hamu huisoma 5 akasema ni 3.

Sasa nguvu, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha zoezi la kushusha kisigino kwenye ukingo wa ngazi: seti 3 za marudio 15, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Hayo ni marudio 180 kila siku. Linafanya kazi, lakini linachosha na watu hulikacha. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walililinganisha na uzito mkubwa unaoinuliwa polepole mara tatu tu kwa wiki. Matokeo yalilingana, na baada ya wiki 12 walioinua uzito waliridhika zaidi. Mtu mwenye kazi na familia tunampa hili la pili.

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mguu mmoja, vidole vikiwa juu ya ngazi na kisigino hewani, mkono ukigusa ukuta kwa ajili ya kutoyumba tu. Panda kwa sekunde 3 hadi mwisho kabisa, kisha shuka kwa sekunde 3. Wiki ya kwanza fanya seti 3 za marudio 15. Wiki ya pili na ya tatu marudio 12, ya nne na ya tano marudio 10, ya sita hadi ya nane marudio 8, kisha 6 hadi wiki ya 12, na katika wiki hizo za mwisho ongeza seti ya nne. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Marudio yanapopungua uzito lazima uongezeke, la sivyo umefanya mchezo. Kama huna jimu, vaa begi la mgongoni. Dumu la maji la lita 5 ni kilo 5, na paketi kumi za unga za kilo 2 ni kilo 20. Uzito sahihi ni ule unaokufikisha rudio la mwisho ukiwa umebakiwa na moja tu, pengine hata hilo hulipati.

Usiishie kwenye goti lililonyooka. Chini ya msuli wa nje wa kigimbi kuna mwingine mpana uitwao soleasi, na katika kukimbia huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Unaamka vizuri zaidi goti likikunjwa. Kaa kwenye kiti, weka mfuko wa mchele wa kilo 25 juu ya goti, uinue kisigino kwa mwendo ule ule wa sekunde tatu tatu. Kilo 25 zitakuwa nyepesi haraka. Zikishakuwa hivyo, simama, kunja goti kidogo, ufanye zoezi kwa mguu mmoja huku umevaa begi.

Kinachoharibu zoezi hili kwa kawaida ni haraka. Mtu akiruka chini na kudunda juu, anatumia mnyumbuko wa kano badala ya msuli. Wengine huviringisha mguu upande wa kidole kidogo. Kwa hiyo hakikisha uzito unapita kwenye kidole gumba na cha pili. Wengine wanajivuta kwa mikono bila kujua. Chora alama ya chaki ukutani pale kichwa kinapofika kwa mguu mzima. Mguu mgonjwa usipofika kwenye chaki, rudio hilo usilihesabu.

Kukimbia kunaanza lini? Tunataka mambo matatu. Kwanza, utembee dakika 30 kwa kasi, maumivu yasizidi 2, na asubuhi isibadilike. Pili, uchuchumie kwa mguu mgonjwa mara 20 hadi 25, kwa kimo kile kile cha mguu mzima. Tatu, uruke kamba kwa miguu miwili seti 3 za mara 20, kisha mara 10 kwa mguu mmoja, maumivu yasizidi 3. Jambo hili la tatu watu hulipita, nalo ndilo linalofanana na kukimbia: kano inanyooshwa na kurudi ghafla kama mpira wa manati. Kuchuchumia polepole hakuifundishi kazi hiyo.

Ukishapita, tumia barabara tambarare, mara tatu kwa wiki, kila mara ukiacha siku moja katikati. Hatua ya kwanza: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Ya pili: kimbia 2, tembea 2, mara 6. Ya tatu: kimbia 3, tembea 1, mara 5. Ya nne: kimbia 5, tembea 1, mara 4. Ya tano: kimbia 10, tembea 1, mara 2. Ya sita ni dakika 25 mfululizo, na ya saba 30. Kila hatua irudiwe mara mbili kabla ya kupanda. Asubuhi ikikuonya, shuka hatua moja, usirudi mwanzo. Mambo yakienda vizuri, zote zinakwisha ndani ya wiki tano. Mazoezi ya nguvu yafanye siku ile ile ya kukimbia, jioni, ili siku ya katikati ibaki kuwa ya kupumzika kweli. Klabu itakuita Jumamosi. Nenda, lakini ukae nyuma na saa yako mkononi, na muda wa kutembea ukifika utembee, hata kama wenzako wanaimba mchakamchaka mbele yako.

Piga hatua fupi na za haraka kidogo. Kama kawaida yako ni hatua 160 kwa dakika, jaribu 168. Usijifunze kukimbia kwa ncha za vidole wakati huu, kwani mtindo huo unaiongezea kano mzigo.

Ukishafika dakika 30, ongeza muda kwanza. Milima ifuate. Kasi iwe ya mwisho. Katika kupanda, kisigino huzama chini ya vidole na kano inavutwa ikiwa imenyooka kabisa, na kwa sababu hiyo Mweka ndiko kulikokuumiza.

Kuhusu Februari. Barua yako imetufikia mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo una wiki kama 20. Ikiwa mwisho wa Desemba unakimbia dakika 30 mfululizo mara tatu kwa wiki na asubuhi zako ni tulivu, kilomita 21 zinawezekana, ila bila kuwinda muda, maana nusu ya kwanza ya njia ile ni kupanda kuelekea Mweka. Ikiwa siku hiyo bado uko kwenye hatua ya nne, chukua mbio za kilomita 5 na uziachie 21 mwaka ujao. Kwa vyovyote, mazoezi ya nguvu yaendelee mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima.

Nashusha kisigino kwenye ngazi kila siku na kinazidi kuuma

*Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 46, Mombasa. Maumivu yangu yako chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa, na pana kivimbe kigumu kinachochubuliwa na kiatu. Niliona kwenye simu zoezi la kushusha kisigino kwenye ngazi. Nimelifanya wiki tano, sasa nashindwa hata kutembea hadi sokoni. Nakosea wapi?*

Waaleikum salaam, dada. Zoezi unalifanya vizuri, ila si la ugonjwa wako. Kano inaposhika mfupa hukabiliwa na tatizo jingine. Kisigino kikishuka chini ya usawa wa ngazi, sehemu ya mwisho ya kano hukandamizwa kwenye mfupa kama kamba inayopita kwenye kona ya ukuta. Kwa maumivu ya katikati ya kano hilo halina neno. Kwako wewe, ule mkandamizo ndio ulioanzisha ugonjwa, na kila siku umekuwa ukiurudia.

Shuka kwenye ngazi. Fanya kuchuchumia kule kule kwa polepole tulikomweleza ndugu wa Moshi, lakini ukiwa sakafuni, na kisigino kisivuke usawa wa sakafu. Wiki mbili za mwanzo weka hata kitabu cha unene wa sentimita 2 chini ya kisigino, upandie hapo. Kule kunyoosha kigimbi kwa kusukuma ukuta nako kuache kabisa kwa sasa, hata kama kunakupa nafuu ya dakika kumi. Ni mkandamizo ule ule.

Kisha tazama unachovaa. Ndala na viatu bapa vya nyumbani vinakifanya kisigino kizame siku nzima, hata kama hukimbii. Vaa kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo, au weka kipande cha mpira mgumu cha milimita 10 hadi 12 ndani ya viatu, vyote viwili, ili nyonga zisipishane. Sponji laini haifai kwa sababu hujikunja na kubaki karatasi. Kiatu cha kukimbilia kiwe na tofauti ya kama milimita 10 kati ya kimo cha kisigino na cha vidole, na ukingo wake wa nyuma uwe laini. Kama unanunua mitumba, bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Isiporudi, imekufa. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kilicholalia upande mmoja kitaulalisha na mguu wako.

Kurudi kukimbia kwenye hali hii ni polepole zaidi. Tumia hatua zile zile saba, lakini kila moja uirudie mara nne, na milima uiweke mbali hadi miezi sita.

Tunaomba ujichunguze jambo moja. Ikiwa visigino vyote viwili vinauma, asubuhi unakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na mgongo wa chini nao unakakamaa, au una ugonjwa wa ngozi wa magamba, au macho huwa mekundu na kuuma, muone daktari kabla ya kuendelea. Kuna magonjwa ya viungo yanayoanzia hapo hapo kano inaposhika mfupa, na hayo hayaponi kwa mazoezi peke yake.

Kano ilikatika, nimetolewa buti, rafiki anasema niko tayari

*Salamu kutoka Nairobi. Nina miaka 41. Kano ya kushoto ilikatika nikicheza mpira Jumapili, nikasikia kama nimepigwa teke na nyuma hakukuwa na mtu. Sikufanyiwa upasuaji, nilifungwa plasta, kisha buti yenye vipande vya kuinua kisigino. Leo ni miezi mitano. Natembea vizuri, lakini siwezi kupanda juu ya vidole vya mguu huo peke yake. Rafiki yangu aliyekatika kama mimi alianza kukimbia miezi minne baada ya kuumia. Mbona mimi nachelewa?*

Kaka, kalenda ya mwenzako iache. Swali tunalomuuliza mtu aliyekatika kano ni kama anaweza kuchuchumia kwa mguu huo mmoja. Mpaka wetu wa chini kabisa wa kuanza kukimbia ni marudio 5, yakifika asilimia 90 ya kimo cha mguu mzima, bila kujivuta na mikono. Wapo wanaofika hapo wiki ya 14, na wapo wanaofika baada ya miezi minane. Bila hayo, ukikimbia utachechemea bila kujijua, na kigimbi kitaendelea kulala huku goti na nyonga vikifanya kazi yake.

Usijilaumu kwa kutofanyiwa upasuaji. Utafiti mkubwa wa Norway wa mwaka 2022, wenye watu 526, uliona kuwa baada ya mwaka mmoja uwezo wa waliopasuliwa na wasiopasuliwa ulilingana. Tofauti ilikuwa kwenye kukatika tena: asilimia 6.2 kwa wasiopasuliwa, dhidi ya 0.6 kwa waliopasuliwa. Hatari hiyo iko zaidi katika miezi michache baada ya kutoka kwenye buti, na mara nyingi huletwa na jambo dogo: kuteleza bafuni, kukosa ngazi, au kukimbilia matatu. Kwenye ngazi shika reli, na sakafu yenye maji usiikanyage na ndala iliyolika.

Udhaifu wako una sababu. Kano iliyokatika mara nyingi huunga ikiwa ndefu kidogo kuliko ilivyokuwa. Kigimbi kinajikunja, lakini sehemu ya mkunjo huo inaishia kuondoa ulegevu wa kano, na kisigino hakifiki juu. Ndiyo maana tunakukataza kunyoosha kigimbi, hata mtu akikwambia kimekaza. Unachokihitaji ni nguvu kwenye kimo cha juu.

Anza umekaa, uzito juu ya goti, seti 4 za marudio 12, na juu kabisa ushikilie kwa sekunde 2. Kisha simama kwa miguu miwili, ukihamishia uzito mguu mgonjwa kidogo kidogo. Mizani ya bafuni itakusaidia. Weka mguu mgonjwa juu yake na mwingine kwenye kitabu cha kimo hicho hicho, uone unachukua kilo ngapi. Ukiwa na kilo 80 na mguu mgonjwa unabeba 50, unajua zimebaki 30. Hatua inayofuata, panda kwa miwili, shuka kwa mmoja, kwa sekunde 4. Mara tatu kwa wiki. Kuchuchumia kwa mguu mmoja kutakuja ghafla asubuhi moja baada ya wiki nyingi za kutoona mabadiliko.

Ukishapata zile 5, ongeza kuruka kwa miguu miwili kwa wiki tatu, ndipo uanze hatua ya kwanza ya kukimbia na kutembea. Mpira wa miguu, wenye kusimama na kuchomoka ghafla, usiufikirie kabla ya miezi tisa tangu uumie, na watu wengi wanahitaji mwaka. Kigimbi kinaweza kubaki chembamba kuliko mwenzake kwa miaka, na bado ukakimbia vizuri.

Kwa wasomaji wengine: ukisikia kishindo na kama teke nyuma ya mguu, lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na mtu akukamue kigimbi. Unyayo ukijisukuma, kano ipo. Usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unaweza kutembea. Kuna wanaotembea wiki tatu wakidhani wametenguka. Na kama mguu uliofungwa plasta au buti unavimba, una joto na unauma kigimbini, au unakosa pumzi, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Usisubiri kesho.

Sipro na kano

*Nimeandikiwa siprofloksasini kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Siku ya nne visigino vyote viwili vilianza kuuma, na sijakimbia wiki nzima. Yawezekana ni dawa? — Dodoma, miaka 62*

Yawezekana kabisa, mzee wetu, na umefanya vizuri kuuliza. Siprofloksasini na levofloksasini ni za kundi la dawa linaloweza kudhuru kano, hasa hii ya kisigino. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu hilo mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60, kwa anayetumia vidonge vya steroidi kama prednisoloni, na kwa mwenye ugonjwa wa figo. Maumivu yanaweza kuanza baada ya siku chache au miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi.

Rudi leo kwa aliyekuandikia, mweleze kuhusu visigino, na uulize kama kuna dawa nyingine. Usimeze kidonge kingine kabla ya kuongea naye, lakini usiiache ukakaa kimya, kwa sababu maambukizi nayo yanahitaji kutibiwa. Hadi maumivu yatulie usikimbie, usiruke, usifanye kuchuchumia kwa uzito. Tembea tu. Ukirudi, anza kwa miguu miwili bila begi.

Nichomwe sindano?

*Dukani wananipa diklofenaki, na mtu mwingine anataka kunichoma steroidi kwenye kano ili nikimbie wiki ijayo. — Dar es Salaam*

Steroidi ndani ya kano yenyewe tunakushauri uikatae. Inapunguza maumivu kwa wiki chache na inaidhoofisha kano katika wiki hizo hizo, nawe unapanga kukimbia humo humo. Kano zimekatika kwa namna hiyo. Diklofenaki na brufeni hazina hatari ya aina hiyo, lakini zinakufichia ile namba ya asubuhi unayoihitaji. Ukizitumia kwa maumivu makali siku mbili tatu, basi na kukimbia kusimame siku hizo.

Utaambiwa pia kuhusu sindano ya damu yako mwenyewe, ile inayozungushwa kwenye mashine ikabaki plazma yenye chembe nyingi za kugandisha. Ni ghali. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, kwa watu 240 wenye maumivu ya katikati ya kano, haukuona faida yake juu ya sindano ya uongo, yaani iliyochomwa bila kuingiza kitu. Pesa hizo nunua viatu na umlipe mtaalamu wa fiziotherapia akusimamie kwa wiki 12.

Mchanga wa ufukweni ni laini, si bora?

*Shikamooni. Nina miaka 19, kano yangu imeanza kupona. Kocha ananiambia nikimbie peku Coco Beach kwa sababu mchanga hauumizi magoti. — Binti wa Kinondoni*

Marahaba, binti. Magoti ni kweli, lakini wewe tatizo lako ni kano. Kwenye mchanga mkavu kisigino huzama kila hatua, kigimbi kinalazimika kusukuma zaidi, na peku unakosa hata zile milimita 10 za kiatu. Mchanga mbichi karibu na maji ni mgumu zaidi, ila umeinamia baharini, hivyo mguu mmoja hukanyaga juu na mwingine chini njia nzima.

Maliza hatua zote saba kwenye lami au barabara ya vumbi iliyoshindiliwa, ukiwa na viatu. Kisha mwombe kocha akuruhusu uanze ufukweni na dakika 5 za kutembea peku mwishoni mwa mazoezi, mara moja kwa wiki, maji yakiwa yametoka sana na ufukwe umekuwa tambarare. Asubuhi tatu zikiwa tulivu, ongeza dakika 5.